Mkono wa Kwanza Kwenye Ufa Mrefu

Hapo zamani, na asiniulize mtu ni mwaka gani maana mimi si kalenda, palikuwa na korongo kule vilimani likiitwa Mghaloni. Lilikuwa refu na jembamba, na kuta zake za mwamba zilisimama wima kabisa. Watu wa mahali pengine wakiona ukuta kama huo huuzunguka. Watu wa vilima vile waliukwea. Msiniulize walifuata nini huko juu. Asali hakuna, dhahabu hakuna, mchumba hakuna. Palikuwa na nyasi na mbuzi watatu wa mtu. Waliukwea kwa raha zao tu, na aliyefika juu alipiga ukelele wa furaha mpaka wale mbuzi wakatimua mbio, na siku hiyo hata ukimpa ugali mkavu anakula huku anacheka.

Kila njia ya kukwea ilikuwa na jina, na jina lilitolewa na yule aliyekuwa wa kwanza kuikwea mpaka juu. Njia moja iliitwa Mke Wangu Hajui. Nyingine iliitwa Jasho la Mwamburi. Nyingine, ya mtu mmoja mwungwana sana, iliitwa Nimeshuka Salama. Jina likishatolewa halibadilishwi. Mwamburi alikuwa amekufa zamani, na bado vijana waliulizana asubuhi, "Leo unakwea nini?" "Leo nakwea Jasho la Mwamburi."

Sasa, korongo lile lilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe hakuwa mtu. Alikuwa tai. Kila mwaka masika yakiisha alibeba vijiti na kujenga kiota ukutani, akataga, akalea kinda mmoja. Tai yule alikula pimbi, na pimbi ndio waliokuwa wakimaliza kunde za watu mashambani. Tai akiondoka, pimbi wanazaana, kunde zinaisha, watu wanalala njaa. Kwa hiyo ilikuwapo sheria, nayo ilikuwa fupi. Tangu tai anapobeba kijiti cha kwanza mpaka kinda anaporuka, korongo limefungwa. Asivuke mtu mstari wa mawe meupe uliowekwa mdomoni mwa korongo. Atakayevuka, misimu mitatu asiguse mwamba.

Basi mnajua wakweaji walifanya nini miezi hiyo ya kufungiwa? Walikaa nje ya mstari wakimtazama kinda. Ndiyo! Watu wazima, wenye mashamba na madeni, shingo zimewapinda, wanamtazama ndege mchanga. Kwa sababu kulikuwa na desturi. Wa kwanza kumwona kinda anaruka na kupaza sauti "Karuka!" alipewa mkono wa kwanza. Yaani alichagua njia yoyote aitakayo, akaikwea siku ile kabla ya mtu mwingine yeyote. Ila aliyeita bure alipata adhabu ya kuwapikia wenzake wote kimanga, muhogo na maharage vimepondwa pamoja, sufuria nzima.

"Karuka!" mmoja anaruka juu.

"Hajaruka!" wote wanajibu. "Huyo ni kunguru! Kaweke muhogo jikoni!"

"Karuka!" mwingine anapiga kelele.

"Hajaruka! Huyo amejinyoosha tu! Kaweke muhogo jikoni!"

Mwaka ule walikula kimanga mpaka wakanenepa.

Kati ya wakweaji hao alikuwapo msichana mmoja jina lake Wakesho, msusi wa vikapu. Vidole vyake vilikuwa vigumu kwa kazi ya ukindu, na mdomo wake ulikuwa mwepesi kwa kazi ya kutania watu. Aliishi na nyanya yake, Nyanya Mkabili, aliyemlea tangu mdogo na ambaye ndiye aliyesokota kamba zake zote za katani. Nyanya huyo hakuwahi kukwea hata kichuguu. Lakini alikuwa na hamu moja, na hakuificha.

"Mwamburi alikuwa mvivu na mlevi," alisema, "na jina lake linatajwa kila asubuhi. Mimi nimelima, nimezaa saba, nimezika watano. Nikifa nani atanitaja? Mjukuu wangu, nitie mwambani."

"Nitakutia, nyanya."

"Si kwenye kinjia cha watoto. Nataka Ufa Mrefu."

Ufa Mrefu! Ulikuwa ufa mmoja uliopasua ukuta kuanzia chini mpaka juu, ukipita ubavuni mwa kiota cha tai, na hakuna aliyewahi kuumaliza. Katikati mwamba ulivimba kama bega la mtu, na hapo kwenye bega kila mkweaji alibanduka. Tena ufa huo haukuwa na wakati. Mvua za vuli zikianza, maji yalitiririka ndani yake mpaka masika. Ulikauka masika yakiisha tu, na wakati huo ndio tai alipoleta vijiti. Zilibaki zile siku chache kati ya kinda kuruka na vuli kuanza. Mwaka mwingine siku kumi, mwaka mwingine siku mbili. Kama huna mkono wa kwanza, sahau.

Wakesho alikuwa amejaribu mwaka wa kwanza, akabanduka begani. Mwaka wa pili mvua ilimwahi. Huu ulikuwa wa tatu. Miguu ya Nyanya Mkabili ilikuwa imeanza kuvimba, na asubuhi alipumua kwa shida. Wakesho alijua, ingawa nyumbani hakuna aliyelitamka, kwamba huenda mwaka wa nne usimkute. Kwa hiyo hakuwa akimtazama kinda kwa mchezo. Alimtazama kwa roho yake yote.

Naye kinda, jamani, kinda akagoma.

Siku aliyotarajiwa kuruka ilifika. Alisimama kwenye ukingo wa kiota, akakunjua mabawa, akapiga mara mbili, akarudi akaanguka ndani puu! Siku ya pili hivyohivyo. Siku ya tano hivyohivyo. Watu wakaanza kumtukana. "Mvivu huyu!" "Mama yake amemdekeza!" Siku ya kumi mawingu yalianza kukusanyika upande wa tambarare, na wakweaji wakaacha kucheka. Kimanga chenyewe kikapoa sufuriani bila mlaji.

Siku ya kumi na moja, mtu mmoja aliyekuwa amelala chali kwenye nyasi akaketi. Huyo alikuwa Righa, kijana mrefu wa kilima cha ng'ambo, mkweaji hodari na mwenye majivuno kidogo. Siku zote hizo alikuwa amelala chali, na watu walidhani anasinzia. Kumbe alikuwa akitazama. Macho ya Righa yalikuwa maajabu. Aliweza kukuambia mbuzi aliye juu ya korongo ni dume au jike.

"Kinda yule amefungwa mguu," alisema Righa.

"Acha ujanja," wakamwambia. "Unataka tuangalie pembeni ili uite wewe."

"Nawaambia amefungwa. Akijiinua, kuna kitu kinajiinua pamoja naye. Kitu chekundu."

Wakesho aliposikia neno chekundu, akasimama wima.

Niwaeleze kwa nini. Wakweaji wa Mghaloni walikuwa na desturi nyingine, ya kipuuzi, na waliipenda mno. Siku korongo linapofungwa, kila mmoja alikata kipande cha kamba yake akakifunga kwenye kichaka chini ya njia anayoitamani. Waliiita kamba ya ahadi. Eti mwamba usiwasahau. Wakesho naye alikuwa amefunga yake chini ya Ufa Mrefu. Na kamba za Wakesho zilijulikana vilima vyote, maana Nyanya Mkabili alizisokota katani pamoja na vipande vya leso yake kuukuu nyekundu. Tai alikuwa ameiona, akaipenda, akaifuma kiotani. Ndege mkubwa hana kosa; alikuwa akitandikia mtoto.

Wakesho angeweza kunyamaza. Wekundu ule aliuona Righa peke yake, na hakuna aliyemwamini. Lakini kinda alisimama tena ukingoni, akapiga mabawa, akavutwa nyuma, akaanguka. Machozi yakamlengalenga Wakesho.

"Ni kamba yangu," alisema.

Zogo likazuka. Kisha likafa ghafla, kwa sababu kila mkweaji pale alikumbuka kwamba naye alifunga ya kwake. Wakaanza kutazama vidole vyao vya miguu.

Hapo akaja Mwasaru. Mwasaru alikuwa mlinzi wa korongo, mwenye fimbo ya ulinzi, miaka kumi na tisa sasa. Zamani alikuwa mkweaji. Magoti yalipoharibika akapewa mstari aulinde. Alikuwa amewarudisha watoto, wazee, wageni waliotoka mbali, hata shemeji yake mwenyewe. Hakuwa na rafiki miezi ya kufungwa.

"Mjomba," Wakesho alimwambia, "tuteremke kutoka juu kwa kamba tukamfungue?"

"Haiwezekani," Mwasaru alijibu. "Juu ya kiota mwamba umetokeza kama ukingo wa paa. Ukiteremka utaning'inia hewani, kiota hukigusi. Njia ya kufika pale ni moja. Ufa wenyewe."

"Basi nitapita kwenye ufa."

"Ukivuka mstari, mwanangu, ni misimu mitatu. Sitakuficha wala sitakupunguzia."

Misimu mitatu! Wakesho akamgeukia Nyanya Mkabili, aliyekuwa ameketi kwenye kigoda chake kati ya watazamaji, kama alivyokaa kila siku. Nyanya alimtazama, kisha akamtazama kinda kule juu.

"Nenda," alisema bibi kizee. "Jina langu halina mguu wa kufungwa. Nenda."

Wakesho akavuka mstari.

Lakini mkweaji hakwei peke yake. Huko walikwea hivi: mkweaji hujifunga kamba kiunoni, na kila akipanda kidogo hugongomea kabari ya mti ndani ya ufa na kupitisha kamba kwenye kitanzi chake. Chini husimama mshika kamba. Ukibanduka, mshika kamba ndiye roho yako. Nani amshikie? Kila atakayevuka atafungiwa misimu mitatu. Wakweaji walitazamana. Righa alifika kwenye mstari, akasimama hapohapo. Hata mimi simlaumu; mke wake alikuwa amejifungua binti siku nne tu zilizopita, na Righa alikuwa ameapa kuukwea Ufa Mrefu mwaka ule, ufa na mtoto wapate jina moja, Malemba.

Mwasaru akaitazama fimbo yake. Mlinzi peke yake aliruhusiwa kuvuka mstari, ila sheria hiyohiyo ilisema mlinzi akimsaidia mvukaji, ananyang'anywa fimbo. Akailaza fimbo chini taratibu, akavuka.

"Sikiliza," alimwambia Wakesho wakifika chini ya ufa. "Mama wa kinda kaenda kuwinda sasa hivi. Miaka kumi na tisa namjua. Harudi mpaka kivuli cha ukuta kifike kwenye ule mti wa mtini ng'ambo. Kabla ya hapo uwe umemaliza."

Wakesho akaanza. Ufa ulikuwa umejaa nyasi na udongo wa miaka na miaka, akawa anang'oa na kutupa, na kila alichotupa kilimwangukia Mwasaru.

"Samahani, mjomba!"

"Kwea!" alijibu Mwasaru huku anatema mchanga.

Akakwea, akagonga kabari, akapitisha kamba. Akakwea, akagonga kabari, akapitisha kamba. Akafika begani. Akatia vidole ndani ya ufa, akavuta, miguu ikateleza, akabanduka.

Watu wote nje ya mstari walipiga yowe. Wakesho alianguka urefu wa nyumba mbili, na kamba ya katani ikapita mikononi mwa Mwasaru ikichuna ngozi. Mwasaru hakuachia. Alipiga goti lake bovu chini, akakaza, kamba ikasimama. Wakesho akaning'inia anabembea.

"Mjomba, upo?"

"Nipo! Wewe upo?"

"Nipo!"

Akarudi begani. Na hapo sauti ikatoka nje ya mstari. Ilikuwa ya Righa, amesimama vidole vyake vinagusa mawe meupe bila kuyavuka, na macho yale yake ya ajabu ameyatoa pima.

"Wakesho! Acha ufa! Mkono wa kushoto nje, juu ya kiwiko chako, kuna tundu!"

"Silioni!"

"Ninaliona mimi! Juu kidogo! Hapo! Sasa goti, bana goti ndani ya ufa!"

Wakesho akatia mkono. Tundu lilikuwapo. Akabana goti, akajivuta, na bega likabaki chini yake. Jamani, furaha iliyompata! Hakuna mtu aliyewahi kuona mwamba kutoka pale. Alicheka peke yake ukutani. Kwa kitambo kidogo alisahau kinda, akasahau misimu mitatu, akasahau kila kitu.

Kisha akasikia harufu, akakumbuka. Kiota kilikuwa kikubwa kuliko kitanda chake, kimejaa mifupa ya pimbi, na kinda alikuwa mkubwa kuliko jogoo wa sikukuu na mwenye hasira mara kumi. Alimdonoa mkono. Alimdonoa sikio. Wakesho akamtupia kitambaa chake kichwani, kinda akatulia, na kamba nyekundu ikaonekana, imezunguka mguu mara tatu. Akaikata kwa kisu chake cha kukatia ukindu. Nyanya alikuwa ameisokota vizuri mno, ilimtoa jasho. Halafu akabana kisu kwa meno ili apate mikono, akaondoa kitambaa.

Kinda alisimama. Hakujua kwamba yu huru. Akasogea ukingoni kwa mazoea, akakunjua mabawa, akapiga mara mbili, akajitayarisha kurudi nyuma. Hakuna kilichomvuta. Akaanguka mbele. Akadidimia, watu wakashika vichwa, kisha upepo wa korongo ukamdaka, akapanda, akapanda, akapita juu ya mtini.

Wakesho ndiye aliyemwona kwanza. Alikuwa umbali wa mkono. Lakini alikuwa na kisu mdomoni. Alichotoa kilikuwa, "Mmmm! Mmmmm!"

"KARUKA!" alinguruma Righa.

"KARUKA!" wakajibu vilima vyote. "KARUKA! KARUKA!" Watu wakakumbatiana, wanawake wakapiga vigelegele, mawe meupe yakapigwa mateke huku na huko, korongo likafunguliwa. Nyanya Mkabili alicheza akiwa palepale kwenye kigoda.

Wakesho hakuweza kushuka. Kivuli kilikuwa kinaukaribia mtini na chini kulikuwa na bega. Akakwea juu. Ufa ulimpeleka ubavuni mwa ule mwamba uliotokeza, akatokea kwenye nyasi, akatoa kisu mdomoni, akapiga ukelele. Mbuzi watatu wakatimua mbio.

Hadithi ingeishia hapo tungelala vizuri. Haikuishia hapo.

Wakesho alishuka kwa njia ya mbuzi, akawakuta watu wanaimba. Righa alikuwa amejifunga kamba kiunoni, anatazama mawingu.

"Dada," Righa alimwambia, "mkono wa kwanza ni wangu. Mvua inakuja. Mwasaru viganja vimechunika, na katika hawa wengine hakuna aliyewahi kulipita lile bega. Nishikie kamba."

Angekataa, mvua ingenyesha, na mambo yangekuwa mepesi kwake. Lakini sheria ilimkataza kugusa mwamba. Kushika kamba haikumkataza. Na Righa alikuwa amemwonyesha tundu.

"Haya," alisema Wakesho, na moyo ulimuuma kweli. "Ukibanduka nitakushika. Lakini nitakucheka."

Righa hakubanduka. Alipita kwenye ufa uliosafishwa, akapitisha kamba kwenye kabari zilizokwisha kugongwa, akatia mkono wa kushoto kwenye tundu, akabana goti, akapita. Tone la kwanza la mvua lilimpiga usoni akiwa anatokea kwenye nyasi. Mbuzi wakakimbia mara ya pili siku ile.

Basi watu wakakusanyika mdomoni mwa korongo, mvua inanyunyiza, kimanga kinapita kutoka mkono hadi mkono. Likaulizwa swali. Ufa Mrefu umekwewa. Nani atautia jina?

Righa akasimama. "Mimi ndiye niliyeona mguu umefungwa. Mimi ndiye niliyeita karuka. Nimekaa nje ya mstari mpaka dakika ya mwisho, na kinda aliporuka nikaukwea ufa tangu chini mpaka juu, mchana kweupe, korongo likiwa wazi. Hata tundu la begani ni langu, maana yeye alilishika na mimi nililiona. Ufa huu unaitwa Malemba."

Wakesho akasimama. "Mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza juu. Nilianza korongo likiwa limefungwa, sikatai, na adhabu yangu nitaitumikia yote. Lakini nilipofika juu kinda alikuwa angani na korongo lilikuwa wazi. Nani alisafisha ufa? Mimi. Kabari ni za nani? Zangu. Kinda aliruka kwa mkono wa nani? Wangu. Nisingekwenda, Righa angekuwa bado amelala chali. Ufa huu unaitwa Mkabili."

"Na kamba iliyomfunga kinda ilikuwa ya nani?" mtu akauliza kutoka nyuma.

"Yangu," alisema Wakesho. "Na yako iko wapi? Ipo chini ya Nimeshuka Salama, nimeiona nikipita."

Watu wakacheka, na yule mtu akaomba kimanga zaidi.

Mwasaru akasimama, viganja vimefungwa majani. "Mimi sijafika juu," alisema. "Lakini huyu alibanduka, na bila mimi leo tungekuwa tunachimba kaburi. Roho yake ilipita hapa kwenye viganja hivi. Ni mimi niliyejua saa ya kwenda. Fimbo yangu nimeilaza, na naona mmoja wenu ameshaiokota. Miaka kumi na tisa nimewatazama mkitia majina. Majina yenu, ya wake zenu, ya majasho yenu. Mwenye ukuta hana hata ufa mmoja. Mimi ningeuita Mama Tai."

Wa kwanza alipozungumza watu walisema "kweli," na alipozungumza wa pili wakasema "kweli kabisa," na wa tatu alipomaliza wakakuna vichwa.

Ndipo mtu mmoja akatoa shauri. "Kila mmoja wenu ajibu hili. Kama si wewe, nani?"

"Kama si mimi, mimi," alisema Righa.

"Haiwi hivyo!"

"Basi sina jibu. Mnataka niseme uongo?" Wakacheka mpaka wakalia, na Righa mwenyewe akacheka.

Mwasaru hakusita. "Kama si mimi, ni Wakesho. Wengi wana mikono. Yeye alisema 'ni kamba yangu' wakati hakuna aliyemuuliza."

Zamu ya Wakesho ikafika. Alimtazama mke wa Righa, aliyekuwa amekaa chini ya jani la mgomba na kichanga kifuani. Alitazama viganja vya Mwasaru. Hakuthubutu kumtazama Nyanya Mkabili. Alijua jibu analolitaka, na alijua jibu la kweli, na hayakuwa jibu moja.

"Kama si mimi," alisema, "ni Righa. Mkono wa kwanza ni mkono wa kwanza. Nisingesema hivyo ningekuwa nimevuka mstari wa pili."

Nyanya Mkabili akainua bakora yake akampiga mjukuu wake mguuni, kidogo tu, kisha akamvuta akamkumbatia palepale mvuani, na hakuna aliyejua ile bakora ilikuwa ya hasira au ya sifa.

Desturi ilitaka jina litangazwe mara tatu ndani ya korongo kabla watu hawajatawanyika, nalo hutangazwa na mlinzi. Fimbo ilikuwa bado haijapewa mtu mwingine, kwa hiyo wakamrudishia Mwasaru kwa kazi hiyo moja. Alikwenda akasimama pale mawe meupe yalipokuwa. Akaapa mbele ya wote kwamba atalisema lile litakaloamuliwa na watu, hata likiwa si lake. Akaweka viganja vyake vyenye majani mdomoni. Nyanya Mkabili akatega sikio. Mke wa Righa akamwinua mtoto. Juu kabisa tai wawili walikuwa wakizunguka, mkubwa na mdogo.

Mwasaru akavuta pumzi akawageukia watu, na watu wakanigeukia mimi, na mimi nawageukia ninyi. Wewe unayesema Wakesho, niambie sheria ni ya nini kama kila mwenye sababu nzuri anaivuka. Wewe unayesema Righa, niambie angekwea ufa gani mwaka ule kama si wa Wakesho. Wewe unayesema Mwasaru, niambie tangu lini mshika kamba anatia jina. Jibuni upesi, mzee wa watu amejaza kifua na mvua inazidi.

Je, nani alistahili?